Balkoni iliyoinama Kinondoni: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki kinahusu nyumba ya ghorofa mbili wilayani Kinondoni, Dar es Salaam, na mzozo uliozuka balkoni yake ya mbele ilipoanza kuinama. Niliitwa na mwenye nyumba nikakague kama mhandisi, hivyo sehemu kubwa nimeiona kwa macho. Yaliyotangulia nimeyapata kwa wahusika wenyewe na kwenye simu zao. Majina, mtaa na kiasi cha fedha nimeviondoa. Vipimo vya zege na nondo nimeviacha, maana bila hivyo hakuna cha kujifunza hapa.

## Nyumba na watu wake

Mwenye nyumba ni mstaafu. Kiinua mgongo chake alikizamisha kwenye kiwanja kidogo kinachopakana na barabara ya mtaa, akajenga nyumba ya kupangisha: fremu za biashara chini, familia juu. Balkoni mbili zimetokeza mbele, moja juu ya nyingine. Chini ya kivuli chake palikuwa na kijiwe cha bodaboda, na mama lishe mwenye meko mawili na mabenchi.

Michoro ya miundo ilichorwa na mhandisi aliyesajiliwa. Aliigonga muhuri, ikapelekwa manispaa kuombea kibali, akalipwa, kazi yake ikaishia hapo. Usimamizi haukuwamo kwenye makubaliano kwa sababu mzee aliona ni kumlipa mtu mmoja mara mbili.

Kwenye kibao cha mradi liliandikwa jina la kampuni ya daraja la chini iliyosajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Kusema kweli kampuni ilitoa jina na muhuri tu. Kazi ilifanywa na fundi mkuu pamoja na vijana wake, na mkurugenzi wa kampuni alionekana siku za malipo. Mtindo huu jijini kila mtu anaujua, na hakuna anayeusema mbele ya mkaguzi.

Mkataba ulikuwa kurasa mbili, wa ufundi tu: nondo, saruji, mchanga na kokoto vyote juu ya mwenye nyumba. Ulishuhudiwa ofisi ya serikali ya mtaa. Haukuwa na kipindi cha uangalizi wa kasoro, hakuna fedha ya kuzuia mpaka kazi ijaribiwe, hakuna kifungu kinachosema mkigombana mwende wapi. Baraza la Taifa la Ujenzi lina fomu za mikataba zenye mambo hayo yote, lakini mstaafu anayejenga kwa kiinua mgongo mara nyingi hukutana nazo kwa mara ya kwanza akiwa tayari ana wakili.

Kwa upande wa balkoni, mchoro ulisema hivi: slabu ya unene wa milimita 150 inayotokeza mita 1.5 kutoka ukutani. Nondo kuu za milimita 12, zikae juu, moja kila milimita 150, zifunikwe na zege la milimita 25. Ukingoni, reli ya bomba za chuma.

## Dalili

Karibu mwaka mmoja kabla sijaitwa, vigae vya balkoni ya ghorofa ya kwanza vilipasuka kwa mstari mmoja mnyoofu, sambamba na ukuta wa nyumba. Fundi yuleyule aliitwa. Akavitoa, akajaza ufa kwa uji wa saruji, na kwa kuwa upande wa mbele ulikuwa umelala, akamwaga juu yake tabaka jingine la kusawazisha sakafu, halafu akapanga vigae vipya. Alilipwa na watu wakashukuru. Hakuna aliyeuliza kwa nini slabu imelala upande wa barabarani.

Ikaja masika ya kwanza baada ya jengo la Kariakoo kuanguka Novemba 16, 2024. Wapangaji wa mji huu msimu huo walikuwa wanatazama kuta kwa jicho jingine. Mmoja wao akagundua kwamba maji ya mvua hayaendi tena kwenye tundu la bomba lililo karibu na ukuta, yanasimama ukingoni. Kila mvua ikikatika alipiga picha na kumtumia mwenye nyumba. Mzee aliona ni usumbufu wa mpangaji anayetafuta punguzo la kodi. Picha hizo, kila moja na tarehe yake, baadaye zilikuwa ushahidi wetu bora wa jinsi ukingo ulivyokuwa unashuka kidogo kidogo.

Nilipofika tulipima kwa mpira wa maji, ule ule wa mafundi. Ukingo wa nje ulikuwa chini ya usawa wa ukutani kwa milimita 38, wakati sakafu ilitakiwa iinuke kidogo kuelekea nje. Mstari wa vigae ulikuwa umefunguka tena palepale. Kadi ya ATM iliingia kwenye ufa mpaka katikati bila kulazimishwa.

Na ukingoni hapakuwa na reli ya bomba. Palikuwa na ukuta wa tofali za inchi sita, mita moja kwenda juu, umepigwa plasta pande zote mbili na kupakwa rangi nzuri ya maziwa.

## Uamuzi wa siku ya kwanza

Mwenye nyumba alitaka kwanza tukubaliane nani mwenye kosa. Nilikataa kulijadili hilo tukiwa tumesimama chini ya balkoni.

Kwanza tuliondoa watu. Bodaboda walihama bila maneno mengi. Mama lishe alidhani mzee amepata njia ya kumfukuza, mpaka mwenyekiti wa serikali ya mtaa alipokuja kumweleza mwenyewe. Milango ya kutokea kwenye balkoni zote mbili ilipigwa misumari.

Pili, jeki za chuma za kukodi, zikisimama juu ya mbao pana, toka chini hadi balkoni ya kwanza na toka ya kwanza hadi ya pili. Wapo waliosema tubebe ile yenye ufa tu. Lakini ya pili ingeanguka, ingeiangukia ya kwanza, na sikuwa na sababu ya kuiamini kabla ya kuipima.

Tatu, baada ya jeki kukaza, tuliubomoa ukuta wa tofali kuanzia juu, tofali moja moja, baada ya kuupiga picha na kuupima kwa tepu kila upande. Tofali moja zima tuliliweka kwenye mizani ya duka la chini mbele ya mashahidi: kilo 29. Lilionekana jambo la kuchekesha siku ile, ila baadaye hakuna aliyebishia uzito wa ukuta.

Nne, sakafu yenyewe hatukuigusa. Hapa palikuwa na ubishi mkali. Mzee alikwisha kupata fundi mwingine aliye tayari kubomoa kila kitu wiki ileile. Nilimwambia akibomoa leo, kesho kampuni itasema slabu ilikuwa nzima, na yeye hatakuwa na cha kuonyesha. Ikaandikwa barua kwa kampuni na kwa mhandisi wa michoro, ikitaja siku ya ukaguzi wa pamoja na kueleza kwamba asipofika mtu ukaguzi utaendelea. Ilipitia serikali ya mtaa, ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Mkurugenzi wa kampuni, ambaye alikuwa hapokei simu, alifika.

## Ndani ya zege

Mwenye nyumba alikuwa na hakika moja: nondo zake zimeibwa. Alikuwa amenunua kwa idadi ya mchoro, na aliamini nusu yake iliondoka usiku kwa bajaji. Kama angefungua kesi wiki ile, madai yake yote yangejengwa juu ya wizi.

Niliomba fundi mkuu achimbue mwenyewe, kwa tindo yake, sehemu tatu ambazo kila upande ulichagua moja. Nilitaka asiwepo mtu wa kusema shimo limepikwa. Nondo zilikuwepo zote. Unene sahihi, nafasi sahihi. Zilikuwa zimekaa pasipo pake. Badala ya milimita 25 chini ya uso wa zege, tulizikuta kwenye 62, 70 na 78.

Slabu inayotokeza hewani hufanya kazi kama mkono ulionyooshwa umebeba ndoo: msuli unaovutwa ni wa juu, begani. Nondo ndiyo msuli huo, na nguvu yake inategemea umbali wake kutoka uso wa chini wa slabu. Ikikaa sawasawa, umbali huo ni milimita 119. Ikizama hadi 70, unabaki kama milimita 74. Slabu imepoteza karibu asilimia 40 ya uwezo wake pale inapoungana na nyumba, na hakuna saruji ya daraja lolote inayoweza kufidia hilo.

Zege lenyewe halikuwa na hatia, ingawa kila aliyefika alianza kwa kulilaumu. Sampuli tatu zilizokatwa na kuvunjwa maabara zilitoa megapaskali (kipimo cha nguvu ya zege) 21.5, 22.8 na 23.1, kwa zege lililotakiwa kuwa na 25. Kigezo kinachotumika sana, cha kanuni za Marekani za ACI 318, kinataka wastani wa sampuli tatu za kukatwa usishuke chini ya asilimia 85 ya nguvu iliyotakiwa, na isiwepo hata moja chini ya asilimia 75. Lilipita.

Kwa nini nondo zilizama? Fundi alieleza mwenyewe bila kuzunguka. Zege lilipandishwa kwa makarai, na ngazi ya mbao iliegemezwa mbele. Kwa hiyo kila karai, tangu asubuhi mpaka jioni, lilipita juu ya nondo za balkoni kabla ya kufika kwingine. Vigoda vya nondo vilivyoonyeshwa kwenye mchoro, vya kuushikilia wavu wa juu, havikukunjwa. Waliweka vipande vya mawe, na mawe yalipinduka. Tulipopima balkoni ya pili tukakuta nondo kwenye milimita 35 hadi 40. Huko zege lilipandishwa kwa winchi iliyofungwa nyuma ya nyumba. Mafundi ni walewale, saruji ileile. Njia ya miguu tu ndiyo ilibadilika.

Halafu ule ukuta. Mita moja ya urefu wake ilikuwa na uzito wa kama kilo 350, ikiwa imening'inia kwenye ncha kabisa. Reli ya bomba haifiki kilo 30. Ukipiga hesabu ya mvuto kwenye maungio, yaani uzito kwa kilo mara umbali wake kwa mita, slabu yenyewe inavuta kama 420 kwa kila mita ya upana. Ukuta peke yake uliongeza karibu 500. Yaani ukuta ulivuta kuliko slabu nzima, kabla hata ya mtu mmoja kutoka nje kuanika nguo. Na tabaka la kusawazisha lililomwagwa kama matengenezo liliongeza mzigo kwenye kitu kilichokuwa tayari kimechoka.

## Mabishano

Kila upande ulikuja na sentensi yake. Mwenye nyumba: nilimlipa mtaalamu, nataka balkoni yangu. Kampuni: vifaa ni vyako, na ukuta uliuagiza wewe. Mhandisi: mchoro wangu hauna kosa, na usimamizi hukunilipa.

Mzee alikana kuagiza ukuta. Fundi akatoa simu. Ilikuwa sauti ya WhatsApp, imekaa miaka minne: "Fundi, hizo bomba achana nazo, watoto wa wapangaji watapenya. Panga tofali tu mpaka kifuani." Na jibu: "Sawa mzee wangu, hamna shida." Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa simu unaweza kupokewa mahakamani kama ushahidi, na wakili wa mzee alimwambia hivyo palepale. Kukana kukaisha.

Lakini sauti ileile iliwageuka walioileta. Mwenye nyumba si mjenzi. Kuagiza tofali badala ya bomba ni jambo la kawaida kwa mtu anayeogopea watoto. Aliyekuwa na wajibu wa kusema "mzee, slabu hii haikupigiwa hesabu ya ukuta" ni yule aliyejinadi kwa utaalamu. Naye alisema hamna shida.

Kwa mhandisi, ilijulikana kwamba alipita pale kuchukua salio lake ukuta ukiwa umekwisha kujengwa. Alikiri aliuona. Hakusema kitu kwa sababu hakuwa msimamizi. Kisheria hoja hiyo ina mahali pake. Kitaaluma, mimi naiona dhaifu sana.

Kuhusu muda: Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba na miaka 3 kwa madai ya madhara yasiyotokana na mkataba. Nyumba ilikuwa na miaka minne. Dai dhidi ya kampuni lilikuwa hai kwa njia ya mkataba. Dai la uzembe lingeanza na malumbano marefu ya lini hasa saa ilianza kuhesabu.

Mzee alitaka pia kwenda polisi na kwenye Bodi ya Makandarasi kabla ya yote. Wakili alimshauri asitumie malalamiko ya Bodi kama fimbo ya kudai fedha. Nilikubaliana naye kwa shingo upande, na nitalirudia hapo chini.

## Suluhu na matengenezo

Walikubali upatanishi mbele ya mkadiriaji majenzi mstaafu ambaye pande zote zilimwamini. Vikao vilifanyika kwenye fremu moja tupu ya nyumba ileile, jeki zikionekana dirishani. Sidhani kama ukumbi wa hoteli ungezaa makubaliano haraka kiasi kile.

Kabla ya kugawana gharama ilibidi ijulikane gharama ya kufanya nini, na hapa ndipo fedha nyingi iliokolewa. Mzee alitaka balkoni ivunjwe na kumwagwa upya. Hiyo ilimaanisha kufungua slabu ya ndani mpaka vyumbani ili nondo mpya zishike. Fundi alipendekeza nguzo mbili mbele. Wazo hilo linapendwa sana jijini, na hapa lilikuwa na kasoro mbili. Ukiweka nguzo mbele, slabu haivutwi tena juu peke yake, inavutwa na chini katikati, ambako mchoro haukuweka nondo za kazi hiyo. Tena misingi ya nguzo ingeangukia kwenye hifadhi ya barabara.

Tulichochagua ni kuikata. Mvuto wa slabu kwenye maungio unakwenda na mraba wa urefu wake: ukiifupisha kutoka mita 1.5 hadi 0.9, mvuto wa uzito wake unabaki karibu theluthi moja. Ukiondoa tofali na tabaka la kusawazisha, ukarudisha reli ya bomba, nondo zile zilizozama zinatosha na kubaki. Ufa ulijazwa epoksi, gundi ngumu ya zege, kwa shinikizo, ncha za nondo zilizokatwa zikafunikwa, kisha tukapakia mifuko ya mchanga kwa saa 24 tukipima kushuka na kurudi. Ilirudi vizuri. Balkoni ya pili ilibaki na urefu wake, bila tofali.

Gharama ya njia hii ilikuwa sehemu ndogo ya ile ya kumwaga upya, na kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kilisaidia kumshawishi mzee: katika kukadiria fidia, mahakama huangalia pia njia zilizokuwepo za kupunguza hasara. Asingelipwa balkoni mpya wakati ya kukata ilitosha.

Mgawanyo: kampuni nusu, mwenye nyumba theluthi, mhandisi sehemu moja ya sita, tena mhandisi asimamie kazi yote bila malipo. Kodi iliyopotea kila mtu aibebe aliyepoteza, yaani mzee. Makubaliano yaliandikwa na kusainiwa kwa wakili.

## Kilichosaidia na kilichoharibu

Ukaguzi wa pamoja ndio uliomaliza kesi hii, kuliko sheria yoyote. Kampuni iliyoona nondo kwa tindo ya fundi wake haikuwa na ripoti ya kupinga. Na mzee aliyeona nondo zake zipo aliacha neno wizi, ambalo lilikuwa linamfanya mkurugenzi asikae chumba kimoja naye.

Mgawanyo wenyewe siupendi kabisa. Theluthi kwa mwenye nyumba ni nyingi kwa mtu aliyeagiza tofali akajibiwa hamna shida. Najua mpatanishi alikotoka: mzee ndiye aliyekataa usimamizi, na ndiye aliyepuuza picha za mpangaji. Lakini kuzama kwa nondo, ambako hakukuwa na mkono wake, kungeleta ufa hata bila ukuta, ukuta uliuharakisha.

Matengenezo ya kwanza yanastahili lawama kuliko yanavyopewa. Ufa ulionyooka sambamba na ukuta, juu ya balkoni, si ufa wa vigae. Fundi yeyote anayeukuta anatakiwa aweke mirunda kwanza na kuita mhandisi. Badala yake uliongezwa uzito na kufichwa kwa mwaka mzima.

Mama lishe hakutajwa popote kwenye makubaliano. Alihamia upande wa pili wa barabara, kwenye jua, akapoteza wateja wa fremu. Hakuwa mpangaji wala hakuwa na mkataba, na hakuna aliyekuwa na wajibu wa kumlipa. Lakini ndiye aliyekuwa amekaa chini ya ile slabu kutwa nzima.

## Lililobaki

Kifungu kimoja cha makubaliano kilisema pande zote hazitapeleka malalamiko kokote. Nilikipinga kwenye kikao na nikashindwa. Fidia ni ya mzee, anaweza kuiuza atakavyo. Kampuni kukodisha muhuri wake kwa fundi si mali ya mzee. Ni jambo la Bodi na la kila anayepita chini ya kazi zao. Mimi sikusaini makubaliano yale, na hayanifungi. Taarifa yangu niliipeleka.

Fundi naye alitutajia nyumba mbili nyingine alizojenga kwa michoro inayofanana, zenye balkoni za mbele na tofali ukingoni. Mhandisi alikwenda kuziona. Ya kwanza mwenyewe aliruhusu ipimwe, ukuta ukateremshwa. Ya pili, mwenye nyumba alisema yake haina ufa, na geti halikufunguliwa. Serikali ya mtaa wake imeandikiwa barua.